Kurudisha Rutuba Kibanjani: Jitihada za Wakulima wa Karagwe

Mgeni afikaye Bweranyange, makao ya zamani ya watawala wa Karagwe, huiona migomba iliyostawi akadhani kwamba nchi ile ina rutuba isiyokwisha. Sivyo. Kibanja ni kazi ya mikono ya vizazi vingi. Nyasi zilikatwa rweya, yaani kwenye mbuga za malisho, zikatandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe nayo ilitiwa humo mwaka hata mwaka. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890, chanzo hicho cha samadi kilipungua sana, na hata leo kaya nyingi hulima bila ng'ombe hata mmoja.

Kila mkungu upelekwao sokoni na kila gunia la kahawa huondoka na sehemu ya chakula cha mimea. Kile kinacholiwa nyumbani huishia katika shimo la choo, mahali ambapo mizizi ya mgomba haifiki. Aidha, udongo wa sehemu hizo wenye asili ya volkano una tindikali, nao huishika fosforasi hata mmea usiipate kwa urahisi.

Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Karagwe (wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, iliyotengwa mwaka 2012) waliunda chama chao, wakakiita MAVUNO. Baadaye chama hicho kilishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani katika kujenga matangi ya maji ya mvua. Lakini kazi inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliyoitwa CaSa, ambayo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin nacho kilishiriki.

Utaratibu wake ni huu. Choo hujengwa juu ya ardhi, nacho hutenga mkojo na kinyesi. Kinyesi huwekwa katika tanuri na kupashwa moto wa nyuzi 65 hadi 75 za Selsiasi kwa muda wa kutosha kuua mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi. Moto huo hutoka katika jiko linalounguza gesi ya kuni au ya maranda, na kinachobaki jikoni ni makaa. Makaa hayo huchanganywa na kinyesi kilichosafishwa, mkojo uliohifadhiwa, majivu, mabaki ya jikoni na ya shambani, pamoja na udongo, mpaka yote yawe mboji. Katika majaribio ya shambani mboji hiyo ilipunguza tindikali ya udongo, ikaongeza fosforasi, na mahindi yakazaa kuliko yale yaliyopandwa katika udongo usiotiwa kitu.

Ni dhahiri kwamba ugumu haumo katika tanuri. Umo katika kumshawishi mtu ale kabichi iliyooteshwa kwa mboji ya namna hiyo. Ofisa akiagiza jambo hilo, watu hucheka. Jirani aliye mwanachama mwenzao akiwaonyesha shamba lake, huuliza maswali. Wapo pia watakaouliza habari za unajisi. Torati (Kumb. 23:12-14) iliwaagiza Waisraeli kukifukia kinyesi nje ya kambi, nionavyo mimi, agizo hilo lalinda usafi wa watu, wala haliuzuii udongo kufanya kazi yake.

Lipo bado suala la gharama. Choo hiki hudai matofali, saruji na fundi, vitu ambavyo kaya maskini haivimudu kwa msimu mmoja. Tena ndoo lazima zibebwe, tanuri lichochewe, mboji igeuzwe. Kazi hizo zisipogawanywa, zitamwangukia mama ambaye tayari hutafuta kuni na maji. Hatuna budi kusema wazi kwamba mkutano wa kaya na wa chama unapaswa kuamua ni nani atakayezifanya, kabla fundi hajaweka tofali la kwanza.