Uzito Unapogoma Kushuka

Uzito unaopunguzwa kwa kula kidogo haushuki kwa mwendo mmoja. Wiki za mwanzo mizani hushuka haraka, miezi inayofuata hushuka polepole, na mara nyingi kati ya mwezi wa 6 na wa 8 husimama palepale ingawa mhusika anaamini hajabadilisha chochote kwenye sahani yake. Hali hii huwapata karibu wote wanaopunguza uzito kwa chakula.

Kilo za mwanzo si za mafuta matupu. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushikana na takriban gramu 3 za maji. Chakula kikipungua, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo kilo 2 zinazoondoka ndani ya wiki ya kwanza hazifai kuwa kipimo cha wiki zinazofuata.

Baada ya hapo hesabu yenyewe hubadilika, kwa kuwa mwili mdogo hutumia nishati ndogo. Chukua mwanamke wa miaka 40, mwenye urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 95. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor iliyochapishwa mwaka 1990, mwili wake ukiwa umepumzika hutumia takriban kalori 1,600 kwa siku. Ukijumlisha shughuli za mtu asiyefanya kazi ya nguvu, zinafika 2,240. (Kalori zinazotajwa hapa ni kilokalori, zilezile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.) Akila 1,800 kwa siku, anabaki na pengo la 440, na pengo hilo hufidiwa na mafuta yaliyomo mwilini. Akishafika kilo 83, matumizi yameshuka hadi 2,075 hivi, na pengo limebaki 275. Chakula ni kilekile, lakini kazi kinachoifanya imepungua.

Si hilo tu. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba watu waliopoteza asilimia 10 ya uzito walitumia nishati pungufu kuliko ile iliyotarajiwa kwa ukubwa wao mpya. Mafuta yakipungua, homoni ya leptini hupungua kwenye damu, na ubongo huisoma hali hiyo kama dalili ya njaa. Misuli huanza kufanya kazi kwa kubana matumizi, na mtu hukaa zaidi na kutembea kidogo bila kujua. Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani hadi mwaka 2025, anakadiria kwamba kila kilo inayopotea hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku.

Makadirio yake ya upande wa pili hayatajwi sana, nayo ndiyo mazito zaidi: kila kilo inayopotea huongeza hamu ya kula kwa takriban kalori 100 kwa siku. Maana yake njaa huvuta kwa nguvu zaidi ya mara tatu kuliko upungufu wa matumizi. Kama mwili kupunguza matumizi kungekuwa ndiyo sababu pekee, uzito ungeendelea kushuka kidogo kidogo kwa miaka, wala usingesimama mwezi wa 6. Wanaosema umetaboli wao, yaani uwezo wa mwili kutumia nishati, umekufa huwa wanamtuhumu asiyehusika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, wanasayansi wa New York waliwapima watu waliodai kwamba hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Umetaboli wao ulikuwa wa kawaida. Walichokuwa wakila kilizidi kwa mbali walichokiandika, kwani karibu nusu ya chakula ilikosekana kwenye maelezo yao. Hawakuwa waongo. Kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu hata kwa wataalamu wa lishe.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kukata. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa sababu ya chumvi, choo, hedhi au mazoezi mapya, hivyo namba ya siku moja haisemi mengi. Mwenye kupima kila asubuhi baada ya kwenda haja, akachukua wastani wa wiki, anaweza kusema uzito umekwama pale wastani huo usipobadilika kwa wiki 4 hivi. Kiuno nacho kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, kwani kinaweza kupungua huku mizani ikiwa imetulia.

Kisha kila kinacholiwa kiandikwe kwa wiki moja au mbili. Jikoni kwa Waswahili, kalori hujificha hasa kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na chungu cha mchuzi kinaweza kuwa na vijiko vinne au vitano kabla ya kuongezwa tui. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili vidogo vya sukari kila kimoja ni karibu kalori 100. Gramu 50 za karanga, kiasi kinachotafunwa kwenye foleni ya daladala, zinakaribia 300. Anayekula sinia moja na wenzake hawezi kujua amekula kiasi gani. Afadhali ajipakulie pembeni angalau kwa kipindi hicho cha kupima.

Mara nyingi daftari hilo peke yake hulipata pengo lililopotea. Lisipolipata, hesabu ifanywe upya kwa uzito wa sasa, na kalori 150 hadi 250 zipunguzwe kwa siku. Kukata zaidi ya hapo huchochea njaa ileile iliyoleta tatizo, na kupungua kwa kasi huongeza hatari ya vijiwe vya nyongo. Kwa kawaida mwanamke hashauriwi kushuka chini ya kalori 1,200, wala mwanamume chini ya 1,500, bila usimamizi wa mtaalamu. Kinachokatwa kiwe mafuta, sukari, na sehemu ya ugali, wali au chapati. Maharage, choroko, dagaa, mayai na mboga za majani vibaki, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hushibisha, na protini pamoja na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hulinda misuli. Kutembea nusu saa huongeza matumizi kwa kalori 100 hadi 150 tu, nazo huliwa zote kwa andazi moja.

Kubaki pale uzito ulipokwama nako ni uamuzi halali. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, kundi lililobadilisha chakula na kuongeza mazoezi lilipungua kwa wastani wa kilo 5.6 tu, lakini waliopata kisukari cha aina ya pili walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa.

Kuna wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Tezi ya thairoidi iliyolegea huzuia uzito kushuka. Insulini, prednisoloni, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na dawa za VVU zenye dolutegravir zinaweza kuuongeza. Hata hivyo hakuna dawa kati ya hizo inayofaa kuachwa kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kukata kalori bila ushauri wa kliniki. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila dozi kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia.