Kwa nini muvi ya kauboi ya 1966 bado inakushika roho

Kama umewahi kudamka asubuhi mapema uende Khayega ama Malinya kucheki mafahali wakipigana, basi tayari unajua siri ya The Good, the Bad and the Ugly.

Mafahali hawarukiani hapo kwa hapo. Wanatoleana macho, wanachimba mchanga, isukuti inalia, na wewe umeshika pumzi. Fight yenyewe inaweza kuisha haraka. Utamu uko kwa kungoja.

Sergio Leone, Muitaliano aliyetengeneza hii muvi, alijua hiyo kitu vizuri. Mwishoni, majamaa watatu wanasimama katikati ya makaburi: Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach. Kila mtu anataka dhahabu ya dola 200,000 iliyofichwa hapo. Dakika zinapita, hakuna anayeongea wala kufyatua. Ni macho tu, vidole vikisogea kwa bastola, na muziki wa Ennio Morricone ukipanda. Hiyo ndiyo isukuti yao.

Na usidhani hiyo ni Marekani unaona. Waliishutia sana Uhispania. Waigizaji waliongea lugha tofauti, sauti zikawekwa baadaye. Kwa hivyo stori imebebwa na sura na muziki kuliko maneno. Ndio maana hata ukiipata imetafsiriwa na DJ wa video kwa Sheng, haipotezi ladha. Ilizaliwa hivyo.

Lakini mwenye atakuumiza roho ni Tuco, yule "Ugly". Anamtembelea brathe wake, padre, anaambiwa mathe alidedi kitambo na mzae ndio ameenda juzi. Brathe anamsuta juu ya ujambazi. Tuco anamrudishia: kwetu, maskini alikuwa na njia mbili tu, kanisa ama wizi. Wewe uliondoka, mimi nikabaki.

Akitoka nje anamdanganya Eastwood ati brathe amemlisha vizuri na anampenda sana. Eastwood alisikia kila kitu, lakini hamuaibishi. Anampea tu sigara.

Wewe pia unamjua Tuco wa mtaa yenu: yule alibaki home wengine wakisonga mbele, na bado anakuambia mambo ni shwari.

Sasa, muvi ni karibu masaa matatu, na dakika kama kumi za kwanza hakuna mtu anasema kitu. Usiruke mbele. Hapo ni fahali anachimba mchanga.