Jongoo wa Pwani na Popo wa Pemba

Ni watu wachache watakaodhani kwamba jongoo wa pwani na popo wana neno la kulinganishwa. Mmoja hulala chini ya bahari, hana macho wala ubongo, naye huvuta pumzi kwa njia ya haja. Mwingine huruka usiku kwa mabawa yenye upana upatao futi 5, na duniani kote hapatikani ila katika kisiwa cha Pemba.

Hata hivyo, wote wawili ni wakulima wasiolipwa ujira. Jongoo humeza mchanga, hutoa humo chakula chake, kisha huurudisha ukiwa safi, kama nyungunyungu afanyavyo shambani. Popo naye hula maembe na tini za mwituni, akaziangusha mbegu mbali, na miti ikaota pasipo kupandwa na mtu.

Tena wote wawili wamepatwa na msiba mmoja, yaani mkono wa mwanadamu. Popo alipigwa kwa bunduki ili aliwe, na misitu aliyolala ikakatwa. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, basi kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache mno. Jongoo naye huchemshwa, hukaushwa na kupelekwa Uchina, ambako huuzwa kwa bei kubwa.

Hapo ndipo njia zao zilipoachana. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa Pemba waliunda vyama vya kuwalinda popo. Huko Kidike wageni hulipa ada ili wawatazame. Mwaka 2007 popo hao walikadiriwa kupita 18,000. Hatari haijawatoka kabisa, lakini hawako tena ukingoni mwa kaburi.

Jongoo hakupata bahati hiyo. Popo huning'inia mtini mchana kutwa, kila mtu akamwona na kumhesabu. Bali jongoo amefichwa na maji. Tena dume na jike humwaga mbegu zao baharini tu, hata wakiwa wachache na kukaa mbalimbali, mbegu hazikutani. Kwa hiyo huweza kukoma kuzaa kabla wa mwisho hajavuliwa.

Mkulima mwenye busara hali mbegu zake zote. Watu wa Pemba wamekwisha kuonyesha kwamba yaliyoharibika huweza kutengenezwa, maadamu mbegu ingalipo. Yafaa wavuvi nao waache sehemu ya bahari ipumzike, wala wasiwachukue majongoo wadogo, ili wajukuu wao wapate cha kuvua.