Asili ya Kitenzi "Agiza"

"Amuru" na "agiza" hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja. Lakini asili zao ni mbalimbali. "Amuru" latoka katika Kiarabu. "Agiza" ni la Kibantu, jamaa ya "aga" na "agana", na konsonanti yake ya kwanza imedondoka. Ushahidi umo katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, lugha ya Kibondo na Kasulu: huko "kuramutsa" ni kuamkia, na "kuraga" ni kuachia urithi. Basi kiini cha "agiza" ni neno aachiwalo mtu wakati wa kuagana. Ingawa agizo la ofisini leo lina nguvu ya amri, aamuruye hutegemea mamlaka. Aagizaye huweka amana. Mfasiri wa sheria asiyachanganye.