Kuni Kilo 100, Makaa Kilo 15: Zingine Zimeenda Wapi?



Huku kwetu Garissa wengi tunachoma makaa ya mathenge. Ukipanga kilo 100 za kuni kavu kwenye tanuri la kawaida la udongo, utafukua kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Je, zile zingine zimeenda wapi? Tumezoea kusema moto umezila. Sivyo. Moto hubadilisha tu.

Mfaransa Lavoisier alichoma vitu ndani ya vyombo vilivyofungwa kabisa, akapima kabla na baada. Uzito ulikuwa ule ule. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1789. Kuni zetu nazo zimepaa kama mvuke, moshi na gesi. Hakuna kilichopotea.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton, mwalimu na mtoto wa mfumaji nguo, alieleza kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, yaani atomi. Moto hauumbi atomi wala hauzimalizi, unazipanga upya. Ni kama shanga: fungua mkufu mmoja, tunga mwingine, shanga ni zile zile na uzito ni ule ule.

Lakini mpangilio una maana kubwa. Makaa ni kaboni hasa. Hewa ikitosha, kila atomi ya kaboni hushika atomi mbili za oksijeni: kilo 3 za kaboni huchukua kilo 8 za oksijeni, zinakuwa kilo 11 za gesi. Hewa ikiwa haba, nyingine hushika moja tu: kilo 3 kwa kilo 4, jumla 7. Angalia, 8 ni 4 mara mbili kamili, kwa sababu nusu ya atomi haishikwi.

Hiyo gesi ya pili, monoksidi ya kaboni, ni sumu. Haina rangi wala harufu, na huzuia damu kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na akilala anaweza asiamke.

Kwa hivyo mvua ikinyesha tukaingiza jiko ndani, tusidanganyike kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama. Tufanye hivi:

- Jiko liwashwe nje.
- Likiwa ndani, mlango na dirisha viwe wazi.
- Kabla ya kulala, litolewe kabisa.
- Mtu akizidiwa, atolewe nje upesi, apelekwe hospitali.

Makaa yanapopungua jikoni, tukumbuke hayajapotea. Yako hewani, chumbani, pamoja na watoto wetu.