Chema Chajiuza, Ila Sharti Kionekane

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siipingi methali hii, lakini naona yataka nyongeza: chema nacho sharti kwanza kionekane.

Kwa miaka mingi nimelipenda tanga la Kichina, lile lenye fito zilizopangwa toka juu hadi chini mfano wa mbavu. Upepo ukizidi, nahodha hulegeza kamba ya henza, na tanga likashuka, likajikunja ubavu kwa ubavu, pasi na mtu kwenda omoni. Walakini, kila nilipolisifu mbele ya mabaharia wa pwani yetu, waliozoea tanga la pembe tatu, nilijibiwa kwa kicheko. Siku moja mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umesafiri nalo?" Nikanyamaza.

Swali hilo lilinikumbusha Mwingereza Blondie Hasler. Mwaka wa 1960 alilifunga tanga kama hilo katika mashua yake Jester, ambayo haikutimiza urefu wa mita 8, akashindana na wenzake wanne kuvuka Atlantiki, kila mmoja peke yake, kutoka Plymouth hadi New York. Francis Chichester alitangulia kwa siku 40. Hasler akawa wa pili kwa siku 48. Hakushinda, lakini wenye shaka walipata la kutazama. Kitabu alichokiandika na Jock McLeod kuhusu tanga hilo kilitoka mwaka wa 1988, yeye akiwa amekwisha kufariki. Naam, bahari ilitangulia, wino ukafuata.

Somo la pili ni kukiri kasoro. Tanga hilo likishonwa bapa huwa zito kwenda joshi. Mashabiki waliokubali ukweli huo ndio waliotafuta dawa, wakashona kila kipande kiwe na tumbo la kushika upepo. Anayeficha ila ya akipendacho huwapa wapinzani wake silaha.

La tatu, tusidharau cha wenzetu. Tanga la pembe tatu limesafirisha boriti na tende kati ya Lamu na Arabuni kwa karne nyingi. Tena hilo la Kichina si geni kabisa hapa: merikebu za Zheng He zilifika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15. Mgeni huyu anarudi tu, na mgeni hamtukani mwenyeji.

Enyi walimu na wanafunzi, jambo jipya halipandwi moyoni kwa hotuba. Mwachieni mwenye shaka alishike kwa mkono wake.

Nami nimeshona tanga dogo, nikalifunga kwenye kidau. Juzi yule mzee alishika henza, akalishusha na kulipandisha mara tatu bila kusema neno. Alipokwisha akaniambia, "Siku ya upepo mkali, mwalimu, nipitie."