Taa za Gari Zinapofifia: Jua, Vumbi na Plastiki Angavu

Msimu wa ununuzi wa pamba katika mkoa wa Simiyu huanza mwezi Mei. Tangu hapo hadi mvua zitakaporejea, barabara za kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, hupitwa na malori ya pamba, magari ya abiria na pikipiki. Jua huzama kabla ya saa moja jioni, na kwa kuwa nchi hii ipo karibu na Ikweta, giza huingia upesi. Saa hiyo barabara huwa bado ina watu: wachungaji wanarudisha ng'ombe zizini, wakulima wanatoka mashambani kwa baiskeli, na wanafunzi wanarejea makwao. Usalama wao hutegemea jambo moja kubwa, nalo ni kwamba dereva awaone mapema.

Hata hivyo, si nadra kuona gari ambalo taa zake za mbele zimeingia ukungu au zimegeuka kuwa za manjano. Aghalabu mwenye gari huliona jambo hili kuwa la sura tu, kama rangi iliyochujuka mlangoni. Kwa hakika ni jambo la fizikia na kemia, na matokeo yake yanaweza kuhesabiwa kwa mita. Makala haya yanaeleza kwa nini taa hufifia, jinsi ya kuzirejeshea uwazi wake, na namna mwalimu awezavyo kulitumia somo hili darasani.

Kutoka kioo hadi plastiki

Mafundi wengi husema "kioo cha taa", lakini katika magari mengi ya leo sehemu hiyo si kioo hata kidogo. Magari yaliyokuja nchini miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na taa za kioo halisi. Kioo hakigeuki manjano kwa jua. Adui yake ni jiwe linalorushwa na gari la mbele. Nchini Marekani sheria ilishurutisha taa za kioo zilizofungwa pande zote kuanzia magari ya mwaka 1940. Mwaka 1983 taa za namna nyingine ziliruhusiwa huko, na plastiki ikaanza kushika nafasi ya kioo. Nchi za Ulaya zilifuata katika miaka ya 1990.

Plastiki iliyochaguliwa huitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kujuana: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Sifa zake ni nyingi. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, ilhali ya polikaboneti ina gramu 1.2 tu. Hufinyangwa kwa umbo lolote, huvumilia joto la balbu, na jiwe linaloweza kuvunja kioo aghalabu hudunda juu yake.

Lakini plastiki hii ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, uso wake ni laini na hukwaruzika kwa urahisi. Pili, haistahimili mionzi ya urujuanimno iliyomo katika nuru ya jua. Kwa sababu hiyo viwanda huipaka utando mwembamba, mgumu na angavu, wenye dawa ya kunyonya mionzi hiyo. Utando huo ndio ngao ya taa. Siku unapokwisha, ndipo uharibifu wa plastiki yenyewe unapoanza.

Kazi ya jua

Mionzi ya urujuanimno haionekani kwa macho, lakini ina nguvu za kutosha kuvunja viungo vinavyoshikanisha atomi ndani ya molekuli. Molekuli ya polikaboneti ni mnyororo mrefu. Mionzi inapoupiga, baadhi ya viungo hukatika, na vipande hujipanga upya au huungana na oksijeni ya hewani. Molekuli mpya zinazozaliwa hunyonya nuru ya buluu. Nuru nyeupe ikiondolewa sehemu yake ya buluu, inayobaki huonekana manjano. Hiyo ndiyo asili ya rangi ya taa iliyochakaa. Wala si uchafu wa kuoshwa kwa sabuni.

Shishiyu ipo karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Kila mwaka jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili, yaani katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na katika miezi mingine halipotei mbali. Tena nchi hiyo imeinuka kupita Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa ya kuchuja mionzi hupungua. Kwa kila mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Hivyo basi, gari linaloegeshwa juani mchana kutwa huko hupokea kipimo kikubwa cha mionzi kuliko gari lililo katika nchi za kaskazini ya mbali. Ikumbukwe pia kwamba magari mengi ya Tanzania huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na ngao ya taa zake imekwisha kuliwa kwa miaka kadhaa.

Kazi ya vumbi

Udongo wa kichanga wa Usukumani, ambao wenyeji huuita luseni, umetokana na mawe ya matale yaliyomomonyoka. Ndani yake mna chembe za kwazi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, ambacho almasi ina 10, kwazi ina 7, na hukwaruza hata kioo cha dirisha, seuze plastiki. Gari linapofuata jingine katika barabara ya vumbi, chembe hizo hupiga taa kwa kasi. Kisha dereva huchukua kitambaa kikavu na kufuta. Bila kujua, anaisugua taa kwa msasa.

Mikwaruzo hiyo ni midogo mno kuonekana mmoja mmoja, lakini kwa pamoja hutawanya nuru. Mwali uliokusudiwa kwenda mbele hupinda huku na huko kila unapokutana na ukingo wa mkwaruzo. Hasara huwa mbili: barabara hupata nuru haba, na nuru iliyopotea huenda juu na pembeni, ikamchoma macho dereva anayekuja.

Msomaji anaweza kupambanua kasoro hizi kwa njia rahisi. Taa imwagiwe maji. Iwapo inakuwa angavu ikiwa imelowa na kufifia tena inapokauka, ugonjwa wake ni mikwaruzo ya juu. Sababu ni kwamba maji hujaza mabonde ya mikwaruzo. Kipimo cha kupinda nuru cha hewa ni 1.00, cha maji 1.33, na cha polikaboneti 1.58. Kwa kuwa maji yapo karibu zaidi na plastiki, nuru haipindi sana inapovuka mpaka. Iwapo umanjano unabaki hata taa ikilowa, jua limekwisha kuingia ndani ya plastiki. Na ikiwa matone ya maji yanaonekana upande wa ndani, kasoro ni ya mpira wa kuzibia, na kusugua nje hakutafaa kitu.

Hesabu ya mita

Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya nuru ya taa mpya. Taa zilizosuguliwa na kung'arishwa zilifikia kama asilimia 70.

Tuseme taa mpya humwonyesha dereva ng'ombe aliye mita 100 mbele yake. Nguvu ya nuru hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ikiwa taa inatoa moja ya tano ya nuru, umbali wa kuona unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5, ambacho ni 2.24. Mita 100 zinakuwa mita 45 hivi. Kwa taa iliyosafishwa, kipeuo cha pili cha 0.7 ni 0.84, na dereva anaona hadi mita 84.

Sasa gari liende kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Dereva huchukua kama sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Tayari mita 22 zimekwisha. Kama breki zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, gari litahitaji mita nyingine 49 ili lisimame. Jumla ni mita 71. Mwenye taa zilizofifia aliona ng'ombe akiwa mita 45. Hana njia ya kusimama kwa wakati. Mwenye taa zilizosafishwa anasimama akiwa na akiba ya mita 13. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inaonyesha wazi kwamba mwenye taa mbovu hapaswi kuzidi kilomita 60 kwa saa usiku, na kwenye kokoto zinazoteleza apunguze zaidi.

Namna ya kusafisha

Bahati njema ni kwamba uharibifu wa jua hukaa katika tabaka jembamba la juu, sehemu ndogo tu ya milimita. Chini yake plastiki ni nzima. Kazi yote ni kuliondoa tabaka hilo kwa taratibu.

Kwanza taa ioshwe kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, ili chembe za mchanga ziondoke. Rangi ya gari iliyo kando ifunikwe kwa karatasi ya gundi. Kisha hutumika msasa wa maji, ukianza na namba 600 au 800, ukifuatiwa na 1,000, halafu 2,000, na mwisho 3,000 ukipatikana. Namba kubwa humaanisha chembe ndogo. Maji yatiririke wakati wote: hupooza plastiki, huchukua unga, na humwepusha fundi na vumbi la kuvuta puani. Kila msasa usuguliwe kwa mwelekeo unaokatiza ule uliotangulia, hadi mikwaruzo ya kwanza itoweke yote. Taa itaonekana nyeupe kama maziwa, fundi asishtuke. Baada ya msasa wa mwisho hupakwa dawa ya kung'arishia rangi ya magari kwa kitambaa laini, na uwazi hurudi.

Wengi huishia hapo, na hilo ndilo kosa kubwa. Msasa umeondoa mabaki yote ya ngao ya kiwandani, na plastiki sasa ipo uchi mbele ya jua. Baada ya miezi michache itafifia tena. Hapana budi taa ikaushwe na kupakwa rangi angavu ya magari yenye kinga ya urujuanimno, ambayo mafundi huiita klia, mahali pasipo na vumbi.

Dawa za mkato

Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia, kwa hiyo hung'arisha taa kidogo. Lakini haiondoi tabaka lililoharibika wala haiachi kinga. Dawa ya kupaka ya kufukuzia mbu hulainisha uso wa plastiki na kuujaza mabonde, taa ikaonekana mpya kwa siku chache, kisha uso huo huharibika zaidi. Petroli, tina na asetoni zisiguse taa kabisa, maana huweza kuipasua nyufa ndogondogo zisizoponyeka. Vilevile si dawa kuweka balbu ya wati 100 mahali pa balbu ya kawaida ya wati 60: joto huzidi kwa plastiki na kwa nyaya, na lenzi yenye ukungu huzidi kutawanya nuru machoni pa wengine.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na maabara kubwa inaweza kufanya jaribio hili. Chukua karatasi nyeupe na udondoshe tone la mafuta ya kupikia katikati yake. Katika chumba chenye giza, isimamishe kati ya tochi mbili za simu zilizo sawa. Doa hutoweka nuru inapolingana pande zote mbili. Sasa weka kipande cha lenzi ya taa iliyotupwa mbele ya tochi ya kwanza, iliyo sentimita 20 kutoka kwenye karatasi. Sogeza tochi ya pili nyuma mpaka doa litoweke. Ikiwa ipo sentimita 40, basi nuru inayopita ni 20 kugawanya kwa 40, kwa kipeo cha pili, yaani robo.

Wanafunzi wasugue kipande hicho kwa hatua zilizoelezwa na kupima baada ya kila msasa, waandike matokeo katika jedwali na kuchora grafu. Kipande kilichokamilika kikatwe viwili: kimoja kipakwe klia, kingine kiachwe hivyo. Vyote viwekwe juu ya paa la bati, na kupimwa kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima. Jedwali hilo litawaonyesha waziwazi kazi ya jua la nchi yao na thamani ya utando mwembamba wa kinga.

Kwa mwenye gari, ulinzi huanza kabla ya msasa. Aegeshe chini ya mti au kibanda, amwagie taa maji kabla ya kuzifuta, na azitazame taa zake kila msimu wa pamba unapokaribia, kama atazamavyo breki na matairi.